Kudhibiti Magonjwa ya Ukungu katika Kitalu cha Mikaratusi

Miche ya mikaratusi inayokusudiwa kupandwa shambani mvua za Desemba zinapokolea hukaa kitaluni takriban miezi mitatu hadi mitano, kwa hiyo katika mikoa ya Mtwara na Lindi mbegu husiwa Julai au Agosti, katikati ya kiangazi. Katika miezi hiyo unyevu unaolea ukungu hautoki mawinguni bali kwenye keni ya kumwagilia, na hapo ndipo udhibiti unapoanzia.

Ugonjwa unaoua miche mingi zaidi ni kinyausi, unaoletwa na vimelea vya udongoni, hasa Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Mbegu huweza kuoza kabla ya kuchipua, au mche uliokwisha kuchipua hunywea shina usawa wa udongo na kuanguka ukiwa bado kijani. Kinyausi huanza sehemu moja ya trei na kupanuka kwa duara. Miche iliyoanguka mmoja mmoja huku na huko, yenye kovu upande unaopigwa na jua, kwa kawaida imeunguzwa na mchanga wa moto, na hiyo huhitaji kivuli cha makuti, si dawa.

Sia mbegu katika mchanga safi usio na samadi, ulioloweshwa kidogo na kupashwa moto juu ya bati hadi nyuzi 70 za Selsiasi kwa nusu saa, kisha ukaachwa upoe. Kwa kuwa mbegu ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane. Trei ziwekwe juu ya kichanja, zimwagiliwe asubuhi kwa maji ya kisima badala ya maji ya bwawani, na usiongeze maji kabla uso wa mchanga haujaanza kukauka. Makuti yapunguzwe kidogo kidogo miche inapokomaa.

Wakulima wengi wa kusini huwa na salfa ya korosho, yaani dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, nyumbani, na kishawishi cha kuinyunyiza kitaluni ni kikubwa. Salfa hufaa dhidi ya ubwiriunga, yaani ule unga mweupe juu ya majani machanga, lakini haitibu kinyausi, na ikipulizwa wakati wa joto kali huunguza majani. Vilevile, metalaksili, dawa nyingine ya ukungu, huzuia Pythium lakini haina nguvu dhidi ya Rhizoctonia, kwa hiyo ni vyema afisa misitu au bwana shamba aone miche kabla hujanunua chochote. Trei ikishaambukizwa, ondoa miche iliyoanguka pamoja na mchanga unaoizunguka, kisha usitishe maji hadi uso ukauke.

Baada ya miche kuhamishiwa kwenye viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, tatizo huhamia majanini, hasa miche iliyochelewa inapokutwa na mvua ikiwa imebanana. Madoa ya kahawia yanayoanzia majani ya chini huashiria hewa haipiti: tenganisha viriba, okota majani yaliyoanguka uyachome, na upunguze mbolea ya naitrojeni.

Mche unaonyauka ilhali udongo una maji uchanwe kiriba. Mizizi mizima ni myeupe. Ya kahawia, inayovuliwa ganda kwa vidole na kubaki uzi mwembamba, imeoza. Mche huo usipelekwe shambani, wala udongo wake usirudishwe kwenye rundo la kujazia viriba.