Macbeth: jinsi ya kuchagua toleo, masimulizi na uhakiki

Jalada linasema Macbeth, jina la Shakespeare liko juu yake, na bado hujui umeshika nini. Inaweza kuwa tamthilia kamili yenye maelezo ya maneno magumu, tamthilia iliyopunguzwa kwa ajili ya shule, hadithi ya kurasa chache iliyosimuliwa upya, au Kiingereza cha leo kilichowekwa mahali pa kile cha miaka ya 1600. Kila kimoja kina kazi yake, ila ukikitumia kimoja kwa kazi ya kingine utapotea.

Jua kwanza maandishi yenyewe yalikotoka. Macbeth ina chanzo kimoja tu cha zamani: Folio ya Kwanza, yaani mkusanyo wa tamthilia zake, uliochapwa London mwaka 1623, miaka 7 baada ya Shakespeare kufariki. Hamlet ina matoleo matatu ya zamani yanayopingana. Mzigo huo Macbeth haina. Lakini Folio ina makosa ya wachapaji, na tangu karne ya 18 kila mhariri ameyasahihisha kwa kadiri ya akili yake. Tena tamthilia ni fupi, mistari 2,100 hivi, wakati Hamlet inakaribia 4,000. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaamini kilichotufikia kimeguswa na mkono wa mtu mwingine baada ya Shakespeare.

Kwa hiyo ukiwa dukani au maktabani usihukumu toleo kwa bei wala kwa picha ya jalada. Lifungue mahali panne. Dakika tano zinatosha.

Kwanza, tendo la 1, onyesho la 3. Karibu kila toleo la leo linawaita wale wanawake watatu wanaomtabiria Macbeth weird sisters. Folio haikuandika hivyo. Imechapa weyward, na kwingine weyard. Aliyeweka weird ni mhariri Lewis Theobald, mwaka 1733, akifuata neno la kale lenye maana ya majaliwa, ambalo limo pia katika kitabu cha historia cha Holinshed alichokitumia Shakespeare. Mhariri makini atakuambia haya kwenye tanbihi. Asiyesema lolote amekuamulia kimyakimya, na kuna mahali pengine amefanya vivyo hivyo.

Pili, onyesho la 7 la tendo hilohilo, Macbeth anapojadiliana na nafsi yake kabla ya kumuua mfalme Duncan. Matoleo mengi yana bank and shoal of time: ukingo na fungu la mchanga katikati ya maji ya wakati. Folio ina Schoole, yaani shule. Fungu ni sahihisho la Theobald vilevile, na wengi wamelikubali. Lakini mistari michache mbele Macbeth anasema habari za mafundisho ya damu yanayomrudia aliyeyafundisha, kwa hiyo shule nayo si upuuzi. Hapa utaona kama mhariri anakupa hoja za pande zote mbili au anakupa jibu tu.

Tatu, tendo la 2, onyesho la 3: bawabu mlevi anayekwenda kufungua mlango unaogongwa baada ya mauaji. Anasema pombe huchochea mambo matatu, yaani pua nyekundu, usingizi na mkojo, kisha anaeleza pombe inavyomtamanisha mtu na hapohapo kumnyima nguvu za kutenda. Matoleo mengi ya shule ya zamani yalifuta maneno haya kwa aibu. Yakikosekana, rudisha kitabu rafuni, kwa maana hutajua ni nini kingine kilichofutwa.

Nne, tendo la 3, onyesho la 5, anapoingia Hecate, mkuu wa wachawi. Folio inataja wimbo kwa maneno yake ya mwanzo tu, na inafanya hivyo tena katika tendo la 4. Maneno kamili ya nyimbo zote mbili yamo katika tamthilia ya Thomas Middleton iitwayo The Witch, na ndiyo sababu kubwa ya kudhani kwamba Middleton aliongeza sehemu hizi. Toleo la Oxford la 1986 la kazi zote za Shakespeare lilichapa nyimbo nzima. Mengine yanaacha mstari mmoja. Kikundi cha maigizo kinahitaji kulijua hili mapema, kwa sababu nyimbo zinadai wapiga ala na muda. Vikundi vingi hukata onyesho lote, na hadithi haivunjiki.

Kwa msomaji wa mara ya kwanza, toleo la Folger linatosha: maelezo yako ukurasa wa kushoto na tamthilia kulia, kwa hiyo macho hayahangaiki, na maandishi yake yanapatikana bure kwenye tovuti ya maktaba hiyo. Anayeandika tasnifu atafute Arden, mfululizo wa tatu, la 2015, lililohaririwa na Sandra Clark na Pamela Mason, au la Cambridge la A. R. Braunmuller, lililotoka 1997. La Norton, lililohaririwa na Robert Miola, lina sehemu za vyanzo na insha za wahakiki ndani yake. Kwa mtu aliye mbali na maktaba kubwa ndilo lenye faida zaidi kwa kitabu kimoja.

Nakala nyingi za bure mtandaoni zinatokana na toleo la Globe la 1864. Si mbaya kwa kutafuta neno. Hazina tanbihi, basi.

Jihadhari na namba za mistari. Maneno ya bawabu ni nathari, na urefu wa mstari wa nathari hutegemea upana wa ukurasa, kwa hiyo namba za onyesho hilo hutofautiana toleo kwa toleo. Mwisho wa tamthilia ni taabu zaidi: Folio inaishia onyesho la 7 la tendo la 5, wahariri wengine wameligawa likafika la 8 au la 9, na lile la Oxford linafika la 11. Ukinukuu, taja toleo mara moja mwanzoni na usichanganye mawili. Walimu huandika "nukuu haipo" pembeni mwa nukuu ambayo ipo, ila kwenye kitabu kingine.

Vitabu vyenye Kiingereza cha leo ubavuni vitumie kama kamusi, usivifanye ndiyo tamthilia. Katika hotuba ileile ya tendo la 1 neno done linarudi mara tatu katika mstari na nusu, likiwa na maana ya kutendwa na ya kwisha kwa pamoja. Macbeth anataka tendo likitendwa liwe limekwisha. Ukilinyoosha kuwa maana moja, mtego anaojitegea unatoweka.

Mfasiri wa Kiswahili naye hukutana na mtego huo, kwani kufanyika na kwisha kwetu ni vitenzi viwili. Tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968, wakati uleule ambao Nyerere alikuwa akifasiri Shakespeare. Itafute kwenye maktaba za vyuo vikuu. Namna ya kuitumia: chagua onyesho moja fupi, gawa karatasi safu tatu, Kiingereza, Makbeth, na jaribio lako mwenyewe, kisha zungushia kila mahali mfasiri alipolazimika kuchagua. Anza na wale wanawake watatu. Mchawi wa Kiswahili ni mtu wa karibu, jirani mwenye kijicho anayeroga usiku. Weird ni majaliwa, jambo lililokwisha andikwa. Ukisema wachawi, lawama inawaelemea wao. Ukisema majaliwa, unabaki na swali kama Macbeth alikuwa na hiari.

Masimulizi yana kazi mbili: kukupa mkondo wa hadithi kabla ya kusoma, na kukuonyesha baadaye msimulizi aliacha nini. Charles Lamb aliiandika Macbeth kama hadithi ya watoto katika kitabu alichokitoa na dada yake Mary mwaka 1807. Bawabu hayumo. Ukijibu mtihani kwa kumtegemea Lamb, utaulizwa juu ya kugonga mlango na utakuwa huna la kusema. Kwenye filamu, Kurosawa aliipeleka Japani mwaka 1957 katika Throne of Blood bila kutumia mistari ya Shakespeare, na bwana mwenye hatia anauawa kwa mishale ya askari wake mwenyewe. Maqbool ya Vishal Bhardwaj, 2003, iko kwa wahalifu wa Mumbai, na nafasi ya wachawi imechukuliwa na polisi wawili wapiga ramli. Welcome Msomi aliandika uMabatha kwa Kizulu, ikachezwa London mwaka 1972. Hizi ni kazi kamili kwa haki yake. Usizitumie kuthibitisha alichoandika Shakespeare.

Uhakiki usome baada ya tamthilia, na uanze na mfupi. Insha ya De Quincey ya 1823 kuhusu kugongwa kwa mlango ni kurasa chache tu. Anaeleza kwa nini sauti ile baada ya mauaji inatisha: ulimwengu wa kawaida unarudi ghafla, nasi tunatambua kwamba ulikuwa umesimama. Kisha A. C. Bradley, 1904, anayewachunguza wahusika kama watu waliopata kuishi, na baada yake L. C. Knights, 1933, aliyeikejeli mbinu hiyo kwa kuuliza Lady Macbeth, mkewe Macbeth, alikuwa na watoto wangapi. Wasome kwa mfuatano huo. Knights peke yake ni kejeli isiyojulikana inamlenga nani. Caroline Spurgeon, 1935, alifuatilia taswira ya nguo zisizomtosha mvaaji. Hilo unaweza kulihakiki mwenyewe kwa penseli, kuanzia mavazi ya kuazima katika tendo la 1 hadi joho la jitu juu ya mwizi mbilikimo katika la 5.

Mwisho, usichanganye Macbeth wa jukwaani na mfalme wa Uskoti aliyetawala 1040 hadi 1057. Kwa Holinshed anatawala vizuri miaka 10 kabla ya kuharibika, na Banquo, jemadari mwenzake, ni mshirika wake katika kumuua Duncan. Shakespeare alimsafisha Banquo, kwa sababu James, mfalme aliyekuwa kwenye kiti cha Uingereza tangu 1603, aliaminiwa kuwa wa uzao wake.