Jinsi ya kufuatilia Rais akiapishwa bila kupitwa na kiini chenyewe

Jamani siku ya kuapishwa Rais wengi wetu hapa Dar macho yote yapo kwenye gwaride, marais wageni waliokuja, nani kakaa na nani, halafu kile kitu chenyewe kilichowakusanya watu, yaani kiapo, kinapita dakika chache tu huku tunapiga stori. Na mimi naona ndo sehemu pekee ya siku ile ambayo ni yetu kabisa wananchi, kwa hiyo hii ni kwa anayetaka aielewe.

Anza siku chache kabla. Pakua Katiba kwenye simu, ile ya 1977 pamoja na marekebisho yake, ya Kiswahili ipo na ni bure, halafu nenda ibara ya 42. Inasema rais mteule ashike madaraka mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote kabla hazijapita siku saba. Yaani Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mshindi tu wewe anza kuhesabu. 2015 Magufuli alitangazwa tarehe 29 Oktoba akaapishwa 5 Novemba, fanya hesabu mwenyewe uone ilivyobana.

Kuhusu mahali, zamani ilikuwa raha kwa mtu wa Dar kwa sababu shughuli ilikuwa hapa hapa, Kikwete 2005 na Magufuli 2015 wote waliapia Uwanja wa Uhuru, pale Temeke jirani na Uwanja wa Mkapa. Siku hizi imehamia Dodoma, 2020 ilikuwa Uwanja wa Jamhuri na 2025 ikafanyika Chamwino bila umati wa wananchi, kwa hiyo jipange na tivii au redio, TBC huwa wanarusha laivu. Ikitokea imerudi huku toka nyumbani alfajiri, begi liache, chukua kofia maana jua la Novemba halina huruma.

Sasa tukio lenyewe. Mtafute Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Muungano, yule mwenye joho, huyo ndo mtu wa kumwangalia kwa sababu bila kuapa mbele yake hakuna rais hata kama kura zimejaa. Rais anashika kitabu cha dini yake, Biblia au Kurani, anataja jina lake kamili, na hapo zima kelele sikiliza neno kwa neno. Kuna kiapo cha uaminifu kwa Jamhuri ya Muungano na kuna kiapo cha kazi ya urais, na ndani yake anaahidi kuihifadhi, kuilinda na kuitetea Katiba. Hiyo hiyo uliyopakua kwenye simu yako! Halafu anakaa anasaini hati za kiapo, usibadilishe chaneli hapo. Mizinga 21, wimbo wa taifa, kukagua gwaride, wazee kumkabidhi mkuki na ngao, hayo ni heshima na yanapendeza sana ila kinachomfunga ni kile kiapo.

Ukitaka kuona hili vizuri tafuta video ya tarehe 19 Machi 2021, Ikulu ya hapa Dar, siku mbili tu baada ya Rais Magufuli kufariki. Hakuna uwanja, hakuna shamrashamra, nchi ipo msibani, Mama Samia kavaa ushungi mwekundu kashika Kurani mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma. Wapo waliodhani atakuwa kaimu mpaka uchaguzi, hapana, ibara ya 37(5) inasema kiti kikiwa wazi kwa kifo Makamu anaapishwa na anakuwa Rais kamili kwa muda uliobaki. Mimi nikimweleza mtu kwa nini kiapo ni muhimu namwonyesha siku ile.

Wengine kwa kifupi: Makamu wa Rais naye anaapishwa na Jaji Mkuu, mawaziri wanaapa mbele ya Rais. Wabunge wanaapa bungeni na kabla ya hapo hawashiriki shughuli za Bunge isipokuwa kumchagua Spika. Na usichanganye Rais wa Zanzibar, yule ana kiapo chake kule kwao mbele ya Jaji Mkuu wa Zanzibar.

Waziri Mkuu ndo watu wanamsahau. Rais akishaapa ana siku 14 za kumteua, jina linaenda bungeni, wabunge walio wengi wakilikubali ndo anaapa mbele ya Rais. Kwa hiyo jioni ile watu wakizima tivii wewe weka alamu kwenye simu ya hizo siku 14 na kura ya bungeni uiangalie laivu pia.