Unapiga miguu lakini husogei? Angalia vifundo

Kama unaogelea ukishika kibao cha kuelea na kupiga miguu mpaka mapaja yanawaka, na bado ukingo wa pili hauji, usikimbilie kuongeza nguvu. Mara nyingi tatizo ni vifundo vya miguu vilivyokakamaa. Vidole vikielekea chini ya bwawa badala ya kunyooka nyuma, unyayo unasukuma maji upande usiofaa. Wapo hata wanaorudi kinyumenyume! Wakimbiaji na wachezaji wa mpira ndio hasa wanaosumbuka.

Nyumbani, piga magoti kwenye mkeka, laza migongo ya nyayo chini, kisha kalia visigino taratibu. Nusu dakika, pumzika, rudia. Magoti yakiuma, acha.

Majini, teke lianzie nyongani. Goti likunjike kidogo tu. Ukilikunja kama unayeendesha baiskeli, paja linageuka breki. Mateke yawe madogo na ya haraka, vidole vimelegea.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote: kaa wima kwenye kina kirefu, mikono kifuani, ujishikilie juu kwa miguu peke yake sekunde 15 hadi 20. Hapo hakuna ujanja, teke baya linakuzamisha. (Fanyia karibu na ukingo, na mtu awepo.)

Kibao nacho kipumzishe mara mojamoja, maana kinainua kichwa na kuzamisha nyonga. Lala chali, nyoosha mikono nyuma ya kichwa, piga miguu. Magoti yakichomoza juu ya maji, unayakunja mno.