Ndevu za kwanza za kijana wako

Hapa saluni kwangu Kirumba, Mwanza, akina mama huniletea kijana wa kidato cha pili: "Mnyoe hivyo vinyweleo, vinamfanya aonekane mchafu." Mimi humuuliza kijana kwanza. Wewe mwenyewe unataka? Akikataa, namwacha. Hakuna haraka. Na si kweli kwamba ukivinyoa vitaota vingi. Ncha iliyokatwa ndiyo huonekana nene.

Akitaka, mashine inatosha, bila kushusha mpaka kwenye ngozi. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa chini mno, ncha hurudi ndani ya ngozi, ndipo vinapotoka vile vipele vigumu vya kidevuni na shingoni. Nawaonea huruma sana vijana wanaovitumbua, maana hubaki na madoa.

Akitumia wembe, achukue wenye mpini. Anawe kwa maji ya uvuguvugu, apake povu, asubiri nywele zilainike. Asivute ngozi. Apitishe polepole kufuata zinakolalia, bila kukandamiza, akisuuza wembe kila mara, na akwepe chunusi. Mwisho maji baridi, taulo safi, mafuta kidogo.

Maji yawe ya bomba, si ya kuchota ziwani. Kichocho huingia kupitia ngozi.

Jambo moja sina mzaha nalo: wembe ni wake peke yake. Si wa baba, si wa rafiki wa bwenini. Hata damu isiyoonekana inaweza kumwambukiza homa ya ini. Akija saluni, adai mashine isafishwe kwa spiriti mbele ya macho yake.