Unajifundisha kuprogramu Arusha au Moshi na unatafuta kazi ya kwanza? Anzia kwenye ofisi za utalii

Wadogo zangu wa Chuga na Moshi, kinachowachelewesha wengi sio cheti, ni kukosa kitu ulichotengeneza mwenyewe ambacho mtu akikibonyeza anaona kabisa kinafanya kazi.

Lugha chagua moja, basi. JavaScript kama unataka mambo ya websaiti, Python kama unapenda data, zote zitakufikisha. Masomo ya bure yapo, freeCodeCamp ipo, CS50 ya Harvard ipo, kinachoumiza ni bando, kwa hiyo punguza video, soma maandishi. Tovuti ya DevDocs inakuruhusu uhifadhi maelezo ya lugha nzima kwenye laptopu uyasome hata bila intaneti.

Ukishaelewa vigeu, masharti, kurudiarudia na funksheni, simamisha masomo kwanza utafute shida ya hapahapa mtaani. Miji yetu imejaa ofisi ndogondogo za utalii, na mgeni akiuliza bei ya kupanda Kilimanjaro mara nyingi kuna mtu anakaa na Excel anapiga hesabu upya. Mtengenezee programu ya kotesheni, yaani ile hesabu ya bei anayotumiwa mgeni kabla hajakubali safari. Utaiona ndogo mpaka uingie ndani: ada ya hifadhi inahesabiwa kwa kila mtu kwa kila siku, ila ya uokoaji kila mtu analipa mara moja kwa safari nzima, njia ya Marangu watu wanaenda siku 5 au 6 na wanalala kwenye vibanda, njia ya Machame siku 6 au 7 na ni mahema, mtoto halipi sawa na mkubwa, wapagazi wanaongezeka kadiri wageni wanavyoongezeka, halafu kuna VAT asilimia 18. Hizo ada usizichomeke katikati ya programu, ziweke kwenye faili lake, maana zinabadilika na mwenye ofisi inabidi aweze kuzibadilisha bila kukupigia simu.

Nenda Aprili au Mei, masika, wageni wamepungua na watu wana nafasi ya kukusikiliza. Shikamoo kwanza kwa wakubwa, halafu usiombe kazi, omba wakuonyeshe wanavyopiga hesabu, na kaa kimya uandike. Ukimaliza toleo la kwanza chukua kotesheni zao za zamani, ingiza namba zilezile, na jumla ikipishana hata dola moja tafuta kwa nini, hapo ndo utajifunza kupima programu kuliko kwenye kozi yoyote. Toleo la kwanza unaweza kuwapa bure, nadhani ni haki kwa sababu wamekufundisha biashara yao, ila wakianza kusema ongeza hiki ongeza kile, kubalianeni malipo kabla hujagusa kitu.

Kazi iweke GitHub, tovuti ambapo watu wanahifadhi na kuonyesha programu walizoandika, na kama ni JavaScript, GitHub Pages inairusha hewani bure. Tumia wageni wa kubuni na bei za kubuni! Majina na pasipoti za wateja wa watu hazitakiwi kuonekana humo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na bei za ofisi ni siri yao.

Kwenye sivii linki ikae juu kabisa, kabla ya shule. Kwenye usaili wakiuliza uzoefu, fungua programu, weka wageni 4, Machame siku 7, jumla itoke mbele yao, halafu waeleze kwa mdomo wako kwa nini ada ziko kwenye faili la peke yake.