Mgonjwa wako kaandikiwa bronkoskopi? Muandae hivi

Baba mdogo wangu wa Makorora hapa Tanga alikohoa miezi minne, makohozi yakapimwa TB mara mbili hamna kitu, antibayotiki kameza mpaka kachoka, eksirei ndo ikaonesha pafu la kulia huku chini kuna shida. Akapewa rufaa ya Dar akafanyiwe bronkoskopi, basi nyumbani ikawa vilio, watu wanajua anaenda kupasuliwa kifua. Jamani hakuna kupasuliwa. Ni mpira mwembamba unaopinda, unene kama penseli, mbele una taa na kamera, unapitishwa puani au mdomoni mpaka kwenye njia za hewa.

Anza na dawa. Kusanya zote anazotumia, tia kwenye mfuko, nenda nazo. Kama anameza za kuzuia damu kuganda, mfano warfarini au klopidogreli, daktari ajue mapema kabisa maana zingine zinasimamishwa siku 5 au zaidi kabla, ila msisimamishe wenyewe. Sema pia kama ana pumu, moyo, mzio, hata jino linalocheza.

Alafu kufunga, na hapa ndo tulipoumia. Chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, na chai ya maziwa inahesabika chakula. Sisi tulilala Magomeni kwa shangazi, kwa huruma zake akampa mgonjwa chai ya maziwa na mkate saa kumi na moja alfajiri, tunafika saa tatu nesi anauliza kala nini, ikaahirishwa mpaka kesho yake. Na wana haki, koo likishapigwa ganzi mtu akitapika chakula kinaingia mapafuni.

Mwambie kabisa atakayokutana nayo: kanula (kibomba kidogo cha kupitishia dawa) mkononi, oksijeni puani, kidude cha kubana kidole, dawa ya ganzi kooni ambayo ni chungu, na mara nyingi sindano ya kumsinzisha. Atakohoa, atahisi kama anakabwa, lakini hewa inapita pembeni ya mpira kwahiyo apumue taratibu. Asiongee, mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti, akitaka kitu anyanyue mkono.

Daktari alituonesha picha. Njia ya pinki inang'aa kama ndani ya shavu, ina pingili pingili, inagawanyika, na kule kulia chini kuna kitu cheupe chenye ncha kimezungukwa na usaha. Mwiba wa samaki! Njia ya kulia imenyooka zaidi ndo maana vitu vingi vinaangukia huko. Kikoleo kidogo kikapita ndani ya mpira huohuo, mwiba ukavutwa, miezi minne ikaishia hapo. Wengine wanamwagiwa maji ya chumvi ndani ya pafu yanavutwa yakapimwe TB, fangasi au saratani, wengine wananyofolewa kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Ila mtoto aliyepaliwa na karanga mkimbize hospitali saa hiyohiyo, yeye mara nyingi anatumiwa bomba gumu akiwa usingizini kabisa.

Akitoka asile wala asinywe masaa 2 hivi mpaka ganzi iishe, aanze na maji funda moja moja. Asiendeshe bodaboda siku hiyo. Sauti kukwaruza, kahoma ka siku moja, michirizi ya damu kwenye makohozi, hivyo vinatokea. Damu nyingi, pumzi kukata au kifua kuchoma ghafla, rudini haraka, hasa kama kachukuliwa kipande cha nyama maana pafu linaweza kuwa limetoboka. Ndo maana nasema basi la jioni kurudi Tanga liacheni, laleni hukohuko Dar.