Printa ndogo ya leza kwa ofisi ya nyumbani: uliza tona kwanza

Jamaa zangu wakitaka kununua printa hunitumia picha ya mashine na bei yake, wakingoja niseme ndiyo au hapana. Mimi huwauliza tona yake, yaani unga wa kuchapia, ni namba gani, inatoa kurasa ngapi, na inauzwaje. Nafanya uhasibu nyumbani, kwa hiyo siku nzima ni ankara, mikataba, risiti na taarifa za benki. Kwa kazi hiyo, mashine yoyote ya leza ya miaka hii itakuchapia maandishi meusi safi, yasiyochujuka yakiguswa na kidole chenye maji. Zinapopishana ni kwenye gharama ya kuzilisha, na namna zinavyoskani.

Tuhakikishe kwanza kwamba leza inakufaa. Tona ni unga mkavu wa plastiki na rangi, unaoyeyushwa juu ya karatasi kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Kwa kuwa ni unga, haukauki. Unaweza kuiacha mashine wiki nyingi, na siku ya haja ikachapa bila kunung'unika, ilhali printa ya wino wa maji ikikaa bila kazi matundu yake huziba. Ila kama unachotaka ni picha za harusi za kutundika ukutani, achana na leza kabisa. Haikuundwa kwa ajili hiyo.

Sasa tona. Katriji (kile chombo cha tona) inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya kuanzia tu, haijajazwa kama ile utakayonunua dukani, hivyo usishangae ikiisha mapema. Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye katriji nyeusi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, na ukurasa wa majaribio huwa na tona inayofunika takribani asilimia 5 ya karatasi. Hiyo ni barua fupi. Jedwali langu la hesabu lenye mistari na vichwa vyeusi hula zaidi ya hapo. Chukua bei ya katriji, igawanye kwa idadi ya kurasa, upate gharama ya ukurasa mmoja. Fanya hivyo pia kwa katriji kubwa ya mashine hiyohiyo, kama ipo. Mfano ni Brother: baadhi ya printa zake ndogo hukubali TN-2410 ya kurasa 1,200 na TN-2420 ya kurasa 3,000, na zote mbili hukaa palepale. Mashine inayokubali katriji ndogo peke yake ndiyo huwekwa bei ya kuvutia. Utailipia baadaye, kidogo kidogo.

Ulizia na dramu, ile silinda inayoshika picha kabla ya kuibandika kwenye karatasi. HP na Canon katika mashine zao nyingi ndogo wameiweka ndani ya katriji, kwa hiyo ukibadilisha tona umebadilisha na dramu. Brother huiuza peke yake, na kwenye mashine zake ndogo huhesabiwa kudumu kurasa kama 12,000. Kyocera wana dramu zinazofikia kurasa 100,000. Kila mpango una faida yake, lakini usilinganishe bei ya tona ya Brother na ya HP bila kuiingiza dramu kwenye hesabu.

Jambo la mwisho kwenye tona ni chipu. Katriji nyingi zinayo, na mtengenezaji anaweza kutuma sasisho la programu likaifanya mashine ikatae tona isiyo yake. Mpango wa HP+ uko wazi zaidi: printa ikishasajiliwa humo hudai intaneti muda wote na katriji halisi za HP. Ukinunua mashine ya HP yenye herufi e mwishoni mwa jina, soma skrini moja moja wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, usibonyeze "kubali" kwa haraka ya kutaka kuchapa. Kama huna shida na tona halisi, sawa. Mimi napenda mlango ubaki wazi.

Tuje kwenye skana, ambayo watu huipitia juujuu, nayo ndiyo ninayoitumia kuliko kuchapa. Kioo cha kulazia karatasi, karibu zote zenye skana zinacho. Unachotafuta ni kilisha karatasi cha juu, kile kitrei unachopanga rundo la karatasi kikazivuta yenyewe. Bila hicho, mkataba wa kurasa 40 utakufanya uinue mfuniko mara 40. Ukikipata, uliza swali la pili: kinasoma pande zote mbili? Hapa maandishi ya boksi hupoteza watu wengi. "Pande mbili" mara nyingi maana yake ni kuchapa pande mbili, siyo kuskani. Mashine inaweza kuchapa nyuma na mbele kwa ustadi, kisha kilisha chake kikasoma upande mmoja tu. Zinazosoma pande mbili ziko za aina mbili: nyingine huivuta karatasi, huirudisha na kuigeuza, nyingine zina vihisi viwili na humaliza kazi kwa mpito mmoja. Ya pili ni ya haraka na haikunji karatasi mno, lakini kwenye mashine ndogo ni adimu na ina bei. Kwa nyaraka, 300 dpi (nukta kwa kila inchi) inatosha kabisa, hata kwa programu ya kusoma maandishi. Namba kubwa za dpi zilizopambwa kwenye tangazo zitakuongezea uzito wa faili tu.

Ukishaanza kuitumia, utakutana na mstari mwembamba unaokata kila ukurasa ulioskaniwa kwa kilisha, kutoka juu hadi chini. Weka karatasi hiyohiyo kwenye kioo kikubwa. Mstari ukitoweka, skana ni nzima. Pembeni ya kioo kikubwa kuna kipande chembamba cha kioo ambacho kilisha hutumia, na chembe moja ya vumbi au gundi ya risiti iliyokaa hapo huandikwa kama mstari, maana karatasi ndiyo inayopita juu yake. Futa kwa kitambaa laini.

Ukubwa usiupime kwa namba za katalogi pekee. Mfuniko wa skana unahitaji nafasi ya kufunguka juu, kebo inahitaji nafasi nyuma, na zile mashine fupi sana huwa na trei ya karatasi inayokunjuliwa mbele na kukaa wazi, ikila nafasi ya meza na kukusanya vumbi. Karatasi iliyo wazi pia hunyonya unyevu, ikajikunja, ikakwama. Mimi napendelea droo iliyofungwa ya karatasi 250. Rangi? Katriji nne badala ya moja, na mashine nyingi huzidi kilo 15. Kama rangi unaihitaji kwa nadra, chapisha nje. Kasi ya kurasa 30 kwa dakika isikusumbue, kwani nyumbani unachapa mbili tatu, na cha muhimu ni sekunde za ukurasa wa kwanza. Faksi, ruka, ila kama wateja wako wanaidai.

Wi-Fi: mashine nyingi ndogo hushika masafa ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo hakikisha ruta yako haijaizima. Yenye tundu la kebo ya mtandao naipa alama ya ziada. AirPrint au Mopria itakuwezesha kuchapa kutoka kwenye simu bila kupakua chochote. Usiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ya kompyuta: hita inayoyeyusha tona inapowaka huvuta mamia ya wati, pengine kukaribia 1,000 kwa sekunde chache, na UPS ndogo italia.

Ukinunua iliyotumika, chapa ukurasa wa taarifa kutoka kwenye menyu uone imeshatoa kurasa ngapi, kisha chapa ukurasa wa kijivu. Doa linalojirudia kwa nafasi ileile, lipime kwa rula. Likirudi kila baada ya sentimita saba na nusu hadi tisa na kidogo, mara nyingi ni dramu, kwa kuwa huo ndio mzingo wake kwenye mashine nyingi ndogo. Dramu hubadilishwa, basi omba upunguziwe bei yake. Karatasi zikitoka na unga unaopukutika ukizisugua kwa kidole, hita imechoka. Hiyo mwachie muuzaji.